Fisi wa Ngorongoro na Mashitaka Yake

Katika nyama wote wa mwitu hakuna mwenye jina baya kama fisi. Katika hadithi za jioni yeye ndiye mlafi na mjinga. Katika maneno ya watu wazima yeye ni mwizi wa mizoga, tena ni punda wa wachawi, apandwaye usiku. Hadithi za sungura na fisi hazimdhuru mtu, nasi hatuzikatazi. Lakini neno lile la wachawi si la kuchekwa. Katika nchi ya Wasukuma na kwingineko bibi vizee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi; na penye hofu ya namna hiyo, hata sauti ya fisi karibu na nyumba ya mjane yatosha kuanzisha mnong'ono. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za siku moja tuliyomtazama mnyama huyu kwa macho, wala si kwa masikio.

Ngorongoro ni shimo la mlima wa moto wa kale uliodidimia. Kuta zake zina kimo cha mita 600 hivi, na sakafu yake ni kama kilomita za mraba 260, yenye majani, chemchemi, msitu wa Lerai na ziwa la magadi. Nchi hiyo iliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1959.

Tulikuwa watu watano pamoja na dereva, mwenyeji wa Karatu. Saa kumi na mbili asubuhi tukateremka kwa njia ya Seneto, nao ukungu umefunika kila kitu. Mtu wa pwani asiende huko bila blanketi.

Ukungu ulipopanda tukaona simba watatu wakila nyumbu, na fisi kumi na mmoja wameketi mbali kidogo. Mwalimu mmoja akasema, "Tazameni wezi wale, wanavyongojea jasho la mwenzao!"

Dereva akamjibu kwa upole, "Mwalimu, nakuomba uwatazame vinywa."

Tukapokezana darubini. Kweli, fisi walikuwa na damu mbichi vinywani hata shingoni, na mbavu zao zilikuwa zikitweta. Simba dume alikuwa ametulia, na manyoya ya shingo yake ni safi. "Mzee huyu amefika karamu ikiwa tayari," akasema dereva.

Neno hilo si la dereva peke yake. Mtaalamu mmoja Mholanzi, Hans Kruuk, aliwafuata fisi wa Serengeti na wa Ngorongoro katika miaka ya 1960, mara nyingi usiku kwa mwanga wa mwezi, akatoa kitabu chake mwaka 1972. Aliona kwamba fisi wa madoa hujiwindia wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba ndani ya shimo hili simba ndio waliozoea kuwanyang'anya. Watu walikuwa wakifika asubuhi, wakamkuta mfalme mezani na fisi mlangoni, wakahukumu kwa hayo waliyoyakuta. Tangu mwaka 1996 wataalamu wengine wamezifuata koo nane za fisi humo, wakimtambua kila mmoja kwa madoa yake.

Saa nne tukafika penye mashimo ya kuzalia. Watoto wawili, weusi kama makaa, walikuwa wakimpanda mama yao na kumwuma masikio, naye amelala hana la kufanya. Dereva akatueleza kwamba huzaliwa macho yakiwa wazi na meno yamekwisha kuota, na kwamba mama huwanyonyesha zaidi ya mwaka. Mke wa mwalimu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Basi amechoka kuliko mimi." Tukacheka sana.

Wazee wengi husema fisi ni dume na jike kwa pamoja. Sivyo, ila maumbile ya jike kwa nje hufanana mno na ya dume, hata wenye elimu hupata shida kuwatenga. Zaidi ya hayo jike ni mkubwa kuliko dume, naye ndiye mwenye enzi katika ukoo. Mavi yao meupe, ambayo watoto huyaogopa wakiyaona njiani, ni chokaa ya mifupa waliyoitafuna.

Mchana tuliona tembo dume wakubwa katika Lerai, na faru mmoja mbali sana, mfano wa jiwe. Tulifurahi, lakini hayo mmesoma habari zake mara nyingi. Penye chemchemi ya Ngoitokitok, tulipokuwa tukila, mwewe alishuka akampokonya mwalimu andazi mkononi, wala hakuna aliyemwita mchawi.

Jioni tukapanda kutoka shimoni kabla ya saa kumi na mbili. Usiku fisi walilia karibu na nyumba tuliyolala. Yule mwalimu alikuwa ameketi penye taa, akichora katika daftari lake picha ya darasa la tatu: simba watatu wanakula, fisi wameketi kando na vinywa vimetiwa wino mwekundu. Chini yake aliandika, "Ni nani aliyemwua nyumbu?" Jibu hakuliandika.