HAWALA: DENI LINAPOHAMA SHINGONI

  

Ndugu Waislamu, neno hawala wengi wetu twalijua kwa karatasi ya kupelekea fedha kwa posta. Katika fikihi lina maana mahususi: kulihamisha deni kutoka katika dhima ya mtu mmoja kwenda katika dhima ya mwingine.

Tuchukue mfano. Amri anamdai Zaidi shilingi 10,000, na Zaidi anamdai Khalidi kiasi hicho hicho. Zaidi akimwambia Amri, "Haki yako nimeihamishia kwa Khalidi," na Amri akaridhia, Zaidi ameepukana na deni. Amri sasa atamdai Khalidi, wala Khalidi hadaiwi tena na Zaidi.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii (aliyefariki mwaka 204 Hijria), ni lazima mwenye kuhamisha na mwenye haki waridhiane. Ridhaa ya Khalidi si sharti, kwani mwenye mali anaweza kuidai mwenyewe au kumpa mwingine haki ya kuidai. Tena madeni mawili yawe sawa kwa jinsi, kiasi na muda wa kulipwa. Ikiwa Khalidi hadaiwi kitu na Zaidi, hiyo si hawala. Deni lingali shingoni mwa Zaidi.

Hapa ndipo penye hatari. Hawala ikishatimia, kisha Khalidi akafilisika au akakana, Amri hana njia ya kumrudia Zaidi, hata ikidhihirika kuwa Khalidi alikuwa amefilisika tangu siku ile. Kukubali kwake ni kama kupokea. Imamu Abu Hanifa yeye humruhusu kurudi iwapo mdaiwa mpya atakana kwa kiapo na ushahidi haupo, au atakufa hali amefilisika.

Basi mjane anayeambiwa, "Nenda kwa fulani akulipe," asiitikie kwa haya. Na aulize kwanza: je, fulani anadaiwa kweli? Ana uwezo? Kisha maneno yaandikwe na mashahidi wawepo, kama Qur'ani ilivyotuelekeza katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Nawe unayehamisha, mche Mungu. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhuluma, na kwamba anayeelekezwa kwa mwenye uwezo akubali. Angalieni: kwa mwenye uwezo! Kumpeleka mdai kwa mtu unayemjua hana kitu, ili wewe upumue, ni hadaa. Huenda kadhi asikushike, lakini Siku ya Kiyama hakuna wa kumhamishia.

Ewe Mola, tuwezeshe kulipa haki za watu kabla ya mauti hayajatufikia. Amin.