Umeichemsha, Kisha Unataka Ing'ae

Swali ni lile lile. Protini imeunganishwa na GFP, bakteria walioitengeneza wanang'aa kijani chini ya taa ya samawati, sampuli imechemshwa dakika 5 kwenye nyuzi joto 95 ikiwa na sabuni ya SDS, imekimbizwa kwa umeme ndani ya jeli, na jeli imetoka giza tupu. Anayeuliza anataka kujua aongeze sampuli kiasi gani. Asiongeze hata tone. Sifuri mara kumi ni sifuri. Wala asinunue taa nyingine, na zaidi ya yote asihitimishe kwamba protini haikutengenezwa, kwa sababu ipo pale pale kwenye jeli, imezimwa tu.

Kosa linaanzia kwenye kuidhania GFP kuwa rangi iliyobandikwa. GFP ni protini ya asidi amino 238, iliyojikunja ikawa pipa la tepe 11, na katikati ya pipa hilo asidi amino za nafasi ya 65, 66 na 67 zimejifunga zenyewe kuwa kiini cha mwanga. Kiini hicho hung'aa kwa sababu kimebanwa. Pipa likifunguka, kiini chenyewe hakivunjiki, ila hubaki kikiyumba ndani ya maji, na nishati kinayofyonza huishia kuwa joto. Wapo watakaopinga wakisema kwamba GFP ni sugu, SDS haiiwezi. Ni kweli, sabuni peke yake katika joto la chumba haiiwezi; sabuni ikishirikiana na moto inaiweza vizuri sana. Wengine husema GFP hujikunja upya ikipoa. Hujikunja, lakini baada ya kilichoifungua kuondolewa, na hapa SDS bado imeing'ang'ania na imejaa kwenye jeli nzima. Unaweza kuiosha jeli ukarudishiwa mwanga kidogo, lakini hujui ni sehemu gani ya protini iliyorudi, basi usije ukalinganisha wingi wa mikanda kwa mwanga huo.

Ufanye nini? Usichemshe, na upige picha kabla ya kutia rangi ya Coomassie, maana asidi ya kuoshea rangi hiyo nayo huizima GFP. Ila protini isiyofunguka haisafiri kulingana na uzito wake, kwa hiyo usiusome ukubwa wake hapo. Ukilazimika kuchemsha, tumia lebo ambayo mwanga wake hautegemei mkunjo: HaloTag iliyokwisha kufungwa na rangi yake kabla ya moto, au lebo ya sisteini nne na rangi yenye aseniki, ambayo kundi la Roger Tsien liliieleza mwaka 1998. Lebo ya histidini nayo hupakwa rangi inayobebwa na nikeli, mradi EDTA isiwepo. Na kama bakteria wako ni E. coli na mkanda umeng'aa karibu na kilodaltoni 25, hakikisha kwanza si SlyD, protini yao wenyewe yenye histidini tele.