Nafsi kwa Amri ya Serikali: Ujana katika Riwaya za Distopia

Riwaya ya distopia, yaani hadithi inayobuni jamii ambamo watawala wamewanyang'anya watu hiari kwa kisingizio cha amani au usawa, huligeuza swali la faragha la ujana, la mtu kujiuliza yeye ni nani, kuwa jambo la serikali lenye tarehe na sherehe yake. Mwanasaikolojia James Marcia, akiendeleza mawazo ya Erik Erikson, alieleza mwaka 1966 kwamba baadhi ya vijana huufunga mapema utafutaji wa utambulisho, kwa kuipokea nafsi waliyochaguliwa na wakubwa bila kujaribu nyingine; katika riwaya hizi, ufungaji huo ndio sheria.

Katika The Giver (1993) ya Lois Lowry, watoto wanaotimiza miaka 12 hutangaziwa hadharani kazi za maisha yao, na Jonas anakabidhiwa kazi ya kupokea kumbukumbu za kale, ambazo zinamwonjesha rangi, maumivu na upendo ambavyo jamii yake imevifuta, hata akapata kipimo cha kuihukumu. Beatrice Prior wa Divergent (2011), riwaya ya Veronica Roth, anaishi katika Chicago ya baadaye iliyogawanywa katika makundi matano, kila moja likitukuza sifa moja tu, na jaribio la kumpambanua linashindwa kumweka katika kundi moja pekee. Akiwa na miaka 16 anawaacha wazazi wake wanaoishi kwa kujinyima, anajiunga na kundi la majasiri na kujiita Tris, ingawa ujasiri wake hukomaa pale unapochanganyika na moyo wa kujitoa aliokuzwa nao.

Suzanne Collins analikoleza jambo hili katika The Hunger Games (2008), kwa kuwa Katniss Everdeen, baada ya kujitolea kuchukua nafasi ya mdogo wake Prim katika mashindano ambamo vijana hulazimishwa kuuana, hupambwa na watawala kwa ajili ya kamera, kisha, katika Mockingjay (2010), waasi nao wanamfanya nembo ya vita vyao.

Kwa hiyo uasi peke yake haumpi kijana utambulisho, kwani hata waasi wana vazi la kumvika. Kinachompa ni mtu ambaye kijana mwenyewe anakataa kumwacha: Katniss anaanzia kwa Prim, na Jonas anatoroka akiwa amembeba Gabriel, mtoto mchanga ambaye jamii imekwisha kuamua kumuua.