Van Hise: Mtaalamu wa miamba aliyekipeleka chuo kikuu kwa mkulima

MKULIMA analipa kodi anaponunua sukari au mafuta ya taa. Kwa njia hiyo anachangia kuendesha chuo kikuu, hata kama hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kuketi katika darasa lake. Je, yeye mwenyewe anapata nini?

Swali hilo ndilo lililotawala kazi ya Charles Richard Van Hise, mwanajiolojia wa Marekani aliyeongoza Chuo Kikuu cha Wisconsin kuanzia mwaka 1903 hadi alipofariki dunia mwaka 1918.

Wisconsin ni jimbo la kaskazini mwa nchi hiyo. Katikati ya karne ya 19 wakulima wake walitegemea ngano, lakini ardhi ilichoka, wadudu wakazidi na mavuno yakashuka. Wengi wakageukia ng'ombe wa maziwa.

Van Hise alizaliwa mwaka 1857 katika kijiji cha Fulton, jimboni humo. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1879 katika chuo hicho hicho, akabaki kufundisha, na mwaka 1892 akawa mtu wa kwanza kutunukiwa na chuo hicho shahada ya udaktari wa falsafa.

Kwa miaka mingi alichunguza miamba yenye madini ya chuma kandokando ya Ziwa Superior, akifanya kazi na idara ya serikali ya upimaji wa jiolojia. Kazi hiyo ilimpa funzo moja ambalo hakulisahau: madini yakishachimbwa hayaoti tena.

Maziwa yenye maji

Chuo alichokabidhiwa kilikuwa tayari kimeonyesha jinsi utaalamu unavyoweza kuingia mfukoni mwa mkulima. Zamani viwanda vya siagi na jibini vililipa maziwa kwa uzito. Aliyeongeza maji au kuengua malai alilipwa sawa na aliyepeleka maziwa mazito, na mwaminifu ndiye aliyepata hasara.

Mwaka 1890 mkemia wa chuo hicho, Stephen Babcock, alitangaza kipimo rahisi. Maziwa yalichanganywa na asidi ya salfa ndani ya chupa yenye shingo nyembamba, kisha chupa ikazungushwa kwa kasi kwenye mashine. Mafuta yalipanda shingoni na kusomwa kwa alama zilizochorwa hapo.

Babcock hakuchukua hataza ili ajipatie fedha. Kipimo kikawa cha wote, na malipo yakaanza kufuata kiasi cha mafuta. Aidha, mfugaji aliweza kujua ni ng'ombe gani anayestahili kubaki zizini na yupi anakula bure.

Van Hise alitaka manufaa ya aina hiyo yafike kila nyumba. Mwaka 1905, akihutubia chama cha wanahabari wa jimbo hilo, alisema hataridhika mpaka faida ya chuo iifikie kila familia ya Wisconsin.

Bwana shamba wa pikipiki

Hayakuishia kuwa maneno ya jukwaani. Kuanzia mwaka 1907 idara ya elimu ya nje ya chuo ilipangwa upya, na masomo yakatumwa kwa posta kwa watu wasioweza kuacha kazi zao.

Mwaka 1912 jimbo hilo lilipata bwana shamba wake wa kwanza wa wilaya, E. L. Luther. Alipangiwa Oneida, eneo la kaskazini ambako misitu ilikuwa imekatwa na walowezi wakihangaika na visiki, na akawa anawazungukia wakulima kwa pikipiki. Miaka miwili baadaye sheria ya Smith-Lever iliweka fedha za serikali kuu kwa ajili ya huduma za ugani nchi nzima.

Mshauri wa serikali

Mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt aliwaita magavana Ikulu kujadili maliasili za taifa, kisha ikaundwa tume ya kitaifa ya hifadhi. Van Hise alikuwa mmoja wa wajumbe wake.

Mwaka 1910 alitoa kitabu kuhusu hifadhi ya maliasili za Marekani. Katika suala la udongo alisisitiza fosforasi. Kila gunia la nafaka linalotoka shambani huondoka na sehemu ya kirutubisho hicho, na asiyerudisha anakula mtaji wake.

Kitabu chake cha mwaka 1912 kiligusa wafanyabiashara. Alisema kampuni kubwa zina faida zake, hivyo dawa si kuzivunja zote, bali kuzisimamia kwa tume yenye nguvu ili zisimkamue mnunuzi wala muuzaji mdogo. Mwaka huo huo aliongoza jopo la usuluhishi kati ya kampuni za reli za mashariki na madereva wa treni waliodai nyongeza ya mishahara.

Hata hivyo, njia haikuwa laini. Uteuzi wake uliungwa mkono na Gavana Robert La Follette, rafiki yake tangu walipokuwa wanafunzi, na ukaribu huo na wanasiasa ulikuwa na gharama. Mwaka 1914 Emanuel Philipp alichaguliwa gavana kwa ahadi ya kubana matumizi, na bajeti ya chuo ikawa miongoni mwa shabaha zake.

Hapo ndipo hesabu ya Van Hise ilipopimwa. Chuo kinachojifungia ndani ya uzio wake hutetewa na maprofesa peke yao. Chuo kilichompa mfugaji kipimo cha maziwa na kumtumia bwana shamba kina watetezi vijijini.

Van Hise alifariki dunia Novemba 19, 1918, akiwa na umri wa miaka 61 na bado akiwa madarakani.

Funzo lake kwa mkulima ni kwamba utaalamu si hisani ya kusubiriwa. Ameshaulipia. Anapokutana na mtafiti au bwana shamba ana haki ya kuuliza: utafiti wenu wa mwaka huu umebadili nini katika shamba langu?