Mshika Daftari wa Filamu

Haya wanangu, sogeeni. Mmewahi kuona katika filamu msichana akitoka mlangoni na kikapu, kisha papo hapo yuko barabarani na kikapu kile kile? Ninyi mmeona hatua mbili tu. Lakini huenda barabara ilipigwa picha Jumatatu, na mlango ukapigwa wiki tatu baadaye, katika mji mwingine kabisa. Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Matukio yote ya mahali pamoja hupigwa kwa mkupuo, maana kuhamisha taa, kamera na watu ni gharama. Harusi ya mwisho yaweza kupigwa kabla bwana na bibi harusi hawajakutana!

Basi nani anajua kikapu kilikuwa mkono gani? Yuko mtu, anaitwa msimamizi wa skripti, yaani wa maandishi ya filamu. Huketi karibu na kamera, kalamu mkononi.

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alileta kundi lake Kongo na Uganda kupiga filamu ya The African Queen. Ni hadithi ya Charlie na Rose, wanaoteremka mto kwa boti chakavu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn ndio walioigiza, na skripti ilisimamiwa na Mwingereza Angela Allen. Mto mnaouona ni wa Afrika kweli. Lakini Charlie anapotoka majini, ruba wamemganda mwilini, hapo yuko studio Uingereza! Maji ya mto wenyewe yalihofiwa kuwa na magonjwa. Ili mtazamaji asishtuke, lazima shati liwe na uchafu ule ule, nywele zilowe vile vile, na boti iwe na majeraha yale yale iliyopata mtoni. Bila kumbukumbu iliyoandikwa, Kongo na London zisingeungana.

Kazi yenyewe huanza kabla kamera haijawashwa. Msimamizi husoma skripti na kuhesabu siku za hadithi: hii ni siku ya kwanza asubuhi, hii ni siku ya pili usiku. Akijua siku, anajua nguo, kidonda na ndevu. Halafu huusoma kila ukurasa akiwa na saa mkononi, akikadiria filamu itachukua dakika ngapi.

Kamera ikianza, macho yake hayatulii. Mzee ameinua kikombe kwa mkono wa kulia, aliposema neno “kesho”. Mshumaa umebaki nusu. Yote anayaandika na kuyapiga picha. Kwa nini neno “kesho”? Kwa sababu mhariri ataunganisha picha ya mbali na ya karibu. Kama kwenye moja mzee anakunywa na kwenye nyingine kikombe kiko mezani, haziungani. Msimamizi pia huchora mistari ya wima juu ya skripti: ulionyooka ni kwa maneno ambayo msemaji wake anaonekana, wa mawimbi ni kwa maneno yanayosikika huku msemaji haonekani. Mhariri akiitazama, anajua mara moja ana picha zipi.

Na akiona kosa? Hapigi kelele, wala hamwaibishi mwigizaji. Humnong’oneza mwongozaji, naye ndiye huamua kama picha irudiwe.

Msidhani anazaliwa na kichwa cha ajabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya filamu ni vitu vidogo kama hivyo. Kwa hiyo leo jioni, mama au shangazi akipika, chukueni daftari. Andikeni alishika mwiko kwa mkono gani, kitambaa alikifunga vipi, sufuria ilikuwa jiko lipi, na alikuwa akisema nini alipokoroga. Kesho mwombeni arudie, nanyi mumwelekeze kwa kusoma mlichoandika tu. Pale mtakapokwama, mtajua ni kitu gani mlipaswa kukiandika.