Hisa imepanda bei? Uliza kwanza zimeuzwa ngapi

Msikilizaji, ukisikia kwamba hisa za kampuni fulani zimepanda bei katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, usikimbilie kununua wala kuuza. Bei ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo.

Fikiria mnada wa ng'ombe. Dume mmoja akinunuliwa kwa bei ya juu, huenda mnunuzi ana harusi kesho. Wakinunuliwa mia kwa bei hiyo, basi soko limepanda kweli. Vivyo hivyo, hisa ikitoka shilingi 400 hadi 420 kwa mauzo ya hisa 150 tu, usiitegemee bei hiyo. Zikiuzwa 200,000, ina uzito.

Kipimo cha pili ni wastani wa bei. Tuseme kwa siku tano hisa imefunga kwa 400, 405, 395, 410 na 420. Jumlisha, gawa kwa tano: wastani ni 406. Siku ya sita ikifunga kwa 425, toa ile 400 ya mwanzo, ingiza 425: wastani unakuwa 411. Hivyo unaona mwelekeo bila kuyumbishwa na bei ya siku moja. Wengine hutumia siku 20 au 50. Ila kumbuka, wastani hufuata nyuma ya bei, hautabiri.

Kipimo cha tatu kilipata umaarufu mwaka 1963 kupitia Mmarekani Joseph Granville. Bei ikipanda leo, ongeza idadi ya hisa zilizouzwa kwenye hesabu yako; ikishuka, toa. Hesabu ikizidi kukua huku bei imetulia, huenda kuna wanunuzi wanaokusanya polepole.

Sasa tahadhari. Vipimo hivi vilitengenezwa kwa masoko yenye mauzo mengi kila siku. DSE kuna hisa zinazopitisha siku nyingi bila kuuzwa hata moja, na hapo hesabu hudanganya. Kwako wewe uliyeweka ada ya mtoto kwenye hisa, jambo hili ni zito: bei inaweza kuandikwa nzuri, lakini mnunuzi hayupo. Angalia mauzo ya wiki kadhaa. Kama huuzwa chache, mpe dalali wako oda mapema, usingoje shule zifunguliwe.

Tena, vipimo havisomi faida ya kampuni. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa wananchi kwa shilingi 850. Miaka iliyofuata bei ilishuka chini ya hapo. Soma pia hesabu za kampuni na gawio lake.

Bei na idadi ya mauzo hutolewa na DSE kila siku ya soko. Tumia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na anayekuahidi faida ya uhakika kwa ujumbe wa simu, mkimbie.