Jemadari Aliyekuwa Waziri: Sir Lloyd Mathews na Ahadi ya Mombasa

Mama anayekwenda kwa kadhi hapa Mombasa kudai masurufu ya wanawe, au mjane anayetafuta fungu lake la mirathi, huenda hajapata kulisikia jina la Lloyd Mathews. Hata hivyo Mwingereza huyu ana sehemu yake katika historia ya mlango ule anaoubisha.

Mathews alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Madeira, akaingia jeshi la wanamaji la Uingereza. Mwaka 1875 alipelekwa Unguja katika manowari London, iliyowekwa pale kuzuia biashara ya watumwa. Miaka miwili baadaye akateuliwa kumfundishia Sayyid Barghash jeshi la mtindo wa Kizungu, kwani hapo awali Sayyid alitegemea askari wa Kiarabu na Mabulushi. Luteni yule kijana akawa jemadari. Mwaka 1882 alilileta jeshi hilo bara yetu hii, akaliteka boma la Mwele la Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Sheikh mwenyewe akaponyoka.

Mwaka 1891, Unguja ikiwa tayari chini ya himaya ya Waingereza, alifanywa Waziri wa Kwanza. Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Waziri asiyeondoka kwa amri ya bwana wake, msomaji na aamue mwenyewe nani alikuwa bwana.

Tarehe 1 Julai 1895 ndiyo inayotuhusu zaidi. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani tangu 1888 ilikuwa imeshindwa, na serikali ya Uingereza ikashika hatamu. Watu wa Mombasa walikuwa na haki ya kuhofia dini yao. Mathews akasimama hadharani hapa mjini, kama waziri wa Sultani Hamed bin Thuwaini, akatangaza kwamba mambo ya Uislamu yataendeshwa kwa heshima ya dini, na ada za kale zitaachwa kama zilivyo.

Maneno mazuri, lakini wiki saba hazijatimia, mwezi wa Agosti, alikuwa tena njiani kwenda Mwele pamoja na majeshi ya Kiingereza kupigana na Mazrui yule yule. Mwezi wa Disemba ukatiwa saini mkataba wa himaya ya pwani.

Mathews alifariki Unguja tarehe 11 Oktoba 1901, akazikwa huko huko. Ahadi yake haikuzikwa naye, na sababu si wema wa watawala. Wazee wetu hawakuacha kuikumbusha. Sir James Robertson alipokuja mwaka 1961 kuchunguza mustakabali wa pwani, suala la makadhi lilikuwamo mezani. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana kwa maandishi kwamba mamlaka ya makadhi yatahifadhiwa. Mwaka 2010, baada ya ubishani mkali, yakaingia katika kifungu cha 170 cha Katiba mpya.

Kifungu hicho kina mipaka yake, na akina mama waijue: kadhi huamua hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi, pale tu wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kuhukumiwa naye.